Nilimpakia staa kwenye Corolla 110 yenye boljointi feki, tukaishia Misigiri

Wadau, nimekaa na hii stori mwaka mzima. Nilikuwa naogopa kuiandika kwa sababu yule dada mnamjua, mmeshamuona kwenye tamthilia, na kuna siku mlimsema sana humu mitandaoni bila kujua kilichotokea. Jina simtaji. Nimemuomba ruhusa niandike, akasema andika, ila usiseme hata tamthilia gani.

Basi picha ianzie hapa. Saa nne asubuhi, Misigiri, barabara kuu ya Singida kwenda Nzega. Corolla yangu imelala kwa mbele upande wa kushoto, tairi limejipinda limetazama nje kama mguu uliovunjika. Staa amekaa juu ya boksi langu la mekapu, kavaa dera na wigi la laki tano, kashika chupa ya maji. Watoto wa shule wamemzunguka, simu za watu wazima ziko juu. Mimi nipo chini ya gari na gauni langu la kazi, naangalia kitu ambacho sikijui.

Tulikuwa tunaenda Shelui kwenye sendoff ya mdogo wake. Mimi ni mpambaji, maharusi ndiyo kazi yangu. Singida mjini, Ikungi, Kiomboi, Nduguti, popote nikiitwa naenda. Msimu wetu unajulikana, alizeti ikishavunwa na kuuzwa watu wanaoa. Kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi sina wikendi. Na gari ndiyo saluni yangu, kwa sababu bi harusi wa Nduguti hawezi kunifuata mjini asubuhi ya harusi yake.

Gari lenyewe ni Corolla 110 aliyoniachia marehemu baba. Hizi 110 Toyota walianza kuzitoa mwaka 1995, kwa hiyo hata ile ya mwisho mwisho leo ni mtu mzima. Wengine mnaita mkweche. Mimi naita 110, na mashine yake mpaka leo haijawahi kunizingua.

Kilichokuwa kinanizingua ni chini. Ilianza sauti, ko-ko-ko, kila nikipita kwenye matuta au nikikata kona kuingia nyumbani. Halafu usukani ukaanza kuvuta kushoto. Halafu tairi la mbele likaanza kuliwa upande wa ndani, ukiliangalia kwa nje unasema bado zima.

Kipindi hicho nilikuwa nimeshika kama laki nne hivi. Sasa niwe mkweli, pesa ile ilikuwa ya rimu. Kuna kaka mmoja hapa mjini, maarufu Insta, ana IST imelala chini mpaka unajiuliza anapitaje kwenye matuta. Alikuwa ameniambia, "Dada, wewe ni brandi, huwezi kushuka kwenye gari lenye rimu za chuma na vifuniko vya plastiki." Neno likaniingia. Nikaweka rimu za laki tatu na kilichobaki nikaenda nacho gereji.

Gereji gani sisemi. Fundi akapiga jeki, akatikisa tairi, akasema boljointi zimekwisha. Hapo alisema kweli. Nikamuuliza za bei gani, akanituma duka la spea jirani. Kulikuwa na mbili kwenye meza, moja elfu kumi na nane, nyingine elfu arobaini na tano. Maboksi yote yameandikwa jina kubwa la Kijapani, tena lile la bei chee ndilo lilikuwa linang'aa zaidi. Nikampigia fundi. Jibu lake nalikumbuka neno kwa neno: "Mdogo wangu, gari lenyewe la milioni nne, unaliwekea vitu vya bei ya nini? Chukua hizo hizo, gari la zamani halina mambo mengi."

Nikachukua mbili za elfu kumi na nane. Ko-ko-ko ikapotea siku ileile. Nikajiona mjanja.

Tunarudi Misigiri. Kabla ya hapo, kwa wiki sita hivi nilikuwa nimeenda Mkalama mara nne kwenye vumbi, barabara imejikunja kunja kama bati la nyumba, na mara mbili nimerudi na madumu ya mafuta ya alizeti kwenye buti. Dumu moja la lita 20 ni kama kilo 18 na ushee. Pakia kumi, ni kama umebeba watu watatu wazima ambao hawashuki njiani. Lakini sauti hakuna, kwa hiyo nilijua niko salama.

Siku ya staa tulitoka mjini mapema. Yeye alishuka na basi kutoka Dar usiku, hakutaka mtu ajue, akasema nikupe hela ya mafuta tuende wote, twende tukipiga stori. Tukapita Iguguno, tukafika Misigiri akaona wanauza mahindi ya kuchoma, akasema simama dada, nimekumbuka utoto. Nikapunguza mwendo, nikakata kushoto kutoka kwenye lami kushuka kwenye changarawe. Kimlango kidogo tu kile cha ukingo wa lami. Nikasikia PAA, usukani ukawa mwepesi kama wa kwenye gemu, gari likakaa chini.

Mwendo wetu labda ulikuwa kama wa baiskeli. Hakuna aliyeumia, hata chupa ya maji haikumwagika.

Tulivyoshuka, yeye aliangalia lile tairi kwa muda, halafu akaangalia barabara mbele. Akaniuliza taratibu, "Dada, mbele si ndiyo Sekenke?"

Kwa wasiopajua, ukitoka Misigiri kuelekea Shelui unateremka mlima Sekenke. Ni mteremko wa kona, mkono mmoja ukuta wa mlima, mwingine bonde, na malori ya kwenda Mwanza na mipakani yako mbele yako na nyuma yako. Kila mtu wa Singida ana stori ya Sekenke, na nyingi siyo za kuchekesha. Sikumjibu. Nilikaa chini pembeni ya tairi, miguu ilikuwa haina nguvu.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja fundi wa palepale, aliletwa na bodaboda. Kaja na jeki, nondo na begi la turubai. Hakusema mengi. Alivyoifungua ile boljointi akanipa mkononi. "Mwanangu, hii umeifunga lini?" Nikamwambia hata miezi miwili haijafika. Akatikisa kichwa.

Sasa niwaeleze boljointi ni nini, maana mimi mwenyewe nilikuwa naitaja tu kama jina la mtu. Ni kiungo, kama nyonga yako. Kuna kichwa cha chuma cha mviringo kimekaa ndani ya kikombe, kina grisi, kimefunikwa na raba laini. Kinaunganisha mkono wa chini, ule mafundi wanaouita wishiboni, na kile chuma kinachoshika tairi. Kinaruhusu tairi kupanda, kushuka na kukata kona bila kuachia. Kichwa kikichomoka kwenye kikombe, chini hakuna tena kinachoshika tairi. Ndiyo maana linajipinda vile. Na mara nyingi kinachomoka kwenye kona, kwenye shimo, au kwenye ukingo kama ule wangu, yaani pale ambapo unalihitaji tairi kuliko muda wowote.

Ya kwangu ile raba ilikuwa imepasuka. Ilikuwa ngumu kama plastiki ya ndoo. Vumbi letu la Singida, na upepo wetu mnaujua, likaingia, likachanganyika na grisi, ikawa msasa. Kichwa kikasagika mpaka kikapita kwenye tundu lake. Sauti haikurudi kwa sababu, kwa maelezo ya mzee, hizi feki huwa zinabanwa sana zikiwa mpya ili mteja akizishika azione ngumu, halafu zikianza kulegea zinalegea zote kwa mkupuo.

Nikakumbuka foundesheni. Nacheka lakini ndiyo ukweli. Foundesheni feki siku ya kwanza kwenye kioo inafanana na orijino kabisa, na ndiyo maana watu wanapigwa. Utaijua bi harusi akishaanza kutoka jasho. Mimi kwa foundesheni huwezi kunipiga, nainusa tu. Nikakaa pale nikajiuliza, mbona kwenye uso wa mtu niko makini, na kwenye kitu kilichobeba roho yangu nimenunua kwa kuangalia boksi?

Yule mzee alikuwa na boljointi moja ya zamani, akatufunga tufike taratibu kwa kurudi mjini, siyo kwa kwenda mbele. "Sekenke hamuendi na hii," akasema, na akakataa kabisa kuongea zaidi. Staa alimalizia safari kwa noah ya abiria, na boksi langu la mekapu, na mimi nikiwa nimekaa siti ya nyuma na madumu ya watu. Tuliwahi. Bi harusi alipendeza.

Nikarudi mjini na hasira, nikaanza kusoma na kuuliza kama vile nasoma mtihani. Na hapa nitawachosha kidogo, wenye magari ya kizamani mnivumilie.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba swali la fundi wangu lilikuwa kichwa chini miguu juu. Aliuliza gari lina thamani gani. Swali lilitakiwa liwe, hiki kitu kikikatika, nini kinatokea? Stabilaiza linki ikikatika, gari litapiga kelele na kulala kwenye kona, utatukana, utafika. Bushi ikichakaa, usukani unavuta na tairi linaliwa, ni hasara. Shokapu ikifa, gari linadunda, breki zinachelewa kushika kwenye barabara mbovu, hiyo ni hatari ya taratibu. Lakini boljointi na tairodi endi, ile inayopeleka usukani kwenye tairi, zikiachia hakuna cha kufanya ndani ya gari zaidi ya kumuita Mungu. Kwa hiyo hela ikiwa kidogo, inaanzia hapo. Gari la milioni nne likitumbukia bondeni, lililotumbukia siyo milioni nne.

Nikaagiza Kariakoo, zikaja na basi. Boljointi mbili na tairodi endi mbili za 555, hii ni kampuni ya Kijapani ya Sankei, mafundi wengi wakongwe wanaikubali. Sasa tatizo la 555 ni umaarufu wake, inaigizwa kama wasanii wakubwa wanavyoigizwa akaunti. Kwa hiyo boksi nililiweka pembeni. Nilichoangalia ni chuma chenyewe, kama kina namba na alama zilizogongwa vizuri, kama raba ya kufunikia ni laini na haina nyufa, na kama nati ya kufungia imekuja na pini yake. Halafu unashika ule msumari unauzungusha kwa mkono, unatakiwa kuwa mzito lakini unateleza sawasawa, hausikii vijiwe wala mahali unapokwama. Ukicheza hata kidogo juu chini, rudisha. Na mwenye duka akikataa usifungue boksi, ondoka, hata kama ni shemeji yako.

Nilituma na namba ya chesisi, maana 110 ziko za injini na maumbo tofauti na siyo kila kilichoandikwa 110 kinaingia. Raha moja ya gari hili ni kwamba boljointi yake inafungwa kwa bolti na nati kwenye mkono, hulazimiki kununua mkono mzima kama baadhi ya magari mapya.

Kuna watu waliniambia nichukue za mtumba kutoka Japani, eti mtumba wa Japani unashinda mpya wa kichina. Kwa mkono wa chuma wenyewe nakubali, chuma kama hakijapinda na hakina kutu, kitaishi. Lakini raba haihesabu kilomita tu, inahesabu na miaka. Bushi iliyotoka kwenye gari la mwaka 1998 ina umri wa mtu aliyemaliza chuo, hata kama gari lilikuwa linaenda sokoni tu. Na boljointi ya mtumba mimi sinunui hata nikipewa bure. Vivyo hivyo wale wanaotoboa shokapu, wanajaza oili, wanachomelea. Inakaa wiki mbili. Na wale wa bushi za kukata kwenye tairi la lori, ambazo ni ngumu kiasi kwamba mtikisiko wote unahamia kwenye bodi na kwenye meno yako.

Nilifikiria zile bushi za poliyurethane wanazosifia watu wa resi. Zinadumu kweli. Lakini ni ngumu kuliko raba, na mimi maisha yangu ni barabara za bati. Nikabaki na raba mpya, nzuri. Huo ni uamuzi wangu, mwenye gari la lami tupu aamue lake.

Shokapu nilisubiri mwezi mmoja nipate hela, nikachukua KYB za mbele, mbili kwa pamoja. Ukibadilisha ya upande mmoja gari linatembea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Nilichukua za gesi. Kwenye barabara ya bati shokapu inapanda na kushuka bila kupumzika, oili ndani inachemka na kutoa povu, na oili yenye povu haizuii kitu. Ile gesi ya naitrojeni iko mle kupunguza hilo povu. Nikabadilisha na maunti za juu na raba za vumbi, maana kufunga shokapu mpya kwenye maunti iliyokufa ni kumvalisha bi harusi shela jipya na viatu vya kuazima.

Kaka wa IST akaniambia basi angalau nikate springi gari lishuke kidogo. Mwingine akaniambia kinyume chake, niweke spesa gari linyanyuke. Wote niliwaambia hapana. Ukilishusha, shokapu inafanya kazi kwenye nafasi ndogo na inagonga chini kila shimo. Ukilinyanyua sana, boljointi na draivu shafti zinakaa kwa pembe ambayo hazikutengenezewa.

Ufungaji sasa. Hapa ndipo nilipogombana na fundi wangu mpya, mzee mmoja wa mjini, baba wa watu, mpole. Ilikuwa Ijumaa jioni, nina bi harusi Ikungi alfajiri. Amemaliza kufunga bushi za wishiboni, gari liko juu ya jeki, bolti zimeingia, mimi najua tumemaliza. Akasema bado. Akalishusha gari likakaa kwa matairi yake, akalidundisha dundisha, akaingia chini kwenye shimo, ndipo akakaza zile bolti kwa nguvu ya mwisho. Ikachukua karibu nusu saa nyingine. Nikamwambia, baba, si ungekaza tu kule juu, bolti si ni ileile?

Akaniambia nikunje kiganja, nikaze, halafu ninyooshe bila kuachia ngumi. Raba ya bushi, akasema, imegandishwa pande zote mbili. Ukiikaza gari likiwa hewani, mikono imening'inia, basi gari likishuka raba inakaa imejisokota maisha yake yote, hata ukiwa umepaki. Inachanika ndani ya miezi michache, na mtu anakwenda kumlaumu aliyemuuzia. "Wengi wanaosema spea feki," alisema, "waliuziwa orijino, wakafungiwa feki."

Nilinyamaza. Kesho yake nilichelewa Ikungi dakika ishirini na mama wa bi harusi alinisema mpaka leo.

Jumla, boljointi, tairodi, bushi, ufundi na alaimenti ilikula laki tatu na kitu kidogo. Bei ya rimu. Rimu niliziuza, kwa hasara, kwa yule yule kaka.

Sasa kuhusu staa wetu. Zile picha za Misigiri zilipanda mtandaoni jioni ileile. Mnakumbuka? "Kafulia." "Kapanda mkweche." "Ziko wapi zile gari za kwenye video?" Mlichambua siku tatu. Nilikuwa nasoma nalia, kwa sababu lile gari ni langu na kosa ni langu, na yeye angeweza kuposti neno moja tu, "gari la mpambaji wangu," na kazi yangu ingeishia pale. Hakuposti kitu. Nilimpigia kumuomba msamaha, akacheka. Akaniambia gari mnazoziona kwenye video ni za kukodi kwa siku. Lake mwenyewe ni IST ya 2004, na alikuwa anaogopa kuipeleka gereji Dar kwa sababu kila fundi akimuona tu anapandisha bei, kwa hiyo akisikia kelele anaongeza sauti ya muziki.

Mwezi uliopita, usiku kama saa tano, simu ikaita mlio wa WhatsApp. Voisi noti kutoka kwake, sekunde tisa. Hakuna maneno, muziki umezimwa, unasikia tu injini na gari likipita kwenye tuta.

Ko. Ko-ko.

Chini kaandika, "Dada, hii ni nini?"

Nikaisikiliza mara tatu, nikamjibu, "Paki kwanza. Ni kulia au kushoto?"